Kabureta Mbili na Sikio Moja

Wamunyu, jioni

Kalondu, mwaitu,

Kabla ya yote ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Kutoka Machakos mjini mpaka Kitui hakuna mtu mwingine anayeweza kuketi juu ya pikipiki yenye kabureta mbili, akafumba macho, akasikiliza kidogo, akageuza skrubu, na kabureta zote mbili zikavuta pamoja kama ng'ombe wa jembe waliozaliwa siku moja. Bila kipimo chochote. Kwa sikio tupu. Hata Wazungu walioitengeneza hawawezi.

Haya, umecheka vya kutosha. Ni uongo. Wewe unajua ni uongo, mama yako anajua, na tangu Jumamosi kuku wangu pia wanajua. Lakini nilitaka kuuandika mara moja ya mwisho, maana nimeusema miaka mingi na nimeuzoea kama kofia. Mtu havui kofia ghafla, kichwa kitapata baridi.

Barua nimeiweka ndani ya helmeti yako ili usiweze kuivaa kabla ya kuisoma. Kama unaisoma ukiwa Taveta, basi ulisafiri bila helmeti, na mimi na wewe tuko na maneno.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati utarudi kutoka kwa shangazi yako Katangi kabla ya chakula na tutaketi meza moja. Ni kwa sababu mdomo wangu hauwezi kushika kitu bila kukiharibu kwa mzaha. Kalamu iko polepole. Niliacha shule darasa la nne, kwa hiyo kila neno nalisukuma kama mkokoteni wa maji, na mtu anayesukuma mkokoteni hana pumzi ya kutania sana. Mambo ya kula, ya sweta, ya kulala mapema, mama yako ameyasema na asubuhi atayasema tena. Sasa hivi ninamsikia jikoni akibishana na mkebe wa mahindi yako ya muthokoi ambao hautaki kufunga. Mimi nitazungumza juu ya kabureta.

Lakini kwanza nikueleze jambo ambalo huko uendako watu watauliza. Wakisikia mzee anamwita binti yake mwaitu, yaani mama, watadhani jua la Ukambani limenipiga. Waambie wewe umebeba jina la mama yangu. Tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni nimekuita mwaitu, na nimekuogopa kidogo, kama inavyotakiwa. Wakati ulipokuwa unalia usiku nilikuwa nauliza nimekukosea nini. Mama yako ndiye aliyepata taabu ya pekee: alienda hospitali kuzaa mtoto, akarudi nyumbani na mama mkwe.

Pikipiki ile ililetwa hapa na Mzungu mmoja mrefu aliyekuwa akizunguka dunia nayo. Alitoka kaskazini, akafika Wamunyu, akachoka. Pikipiki haikuchoka, yeye ndiye aliyechoka. Aliketi katika karakana yetu akitutazama tukichonga, na jioni akasema anataka kurudi kwao kwa ndege. Tukapatana: pikipiki ibaki, yeye aondoke na kreti ya sanamu, twiga, vifaru, na Mmasai mmoja ambaye miguu ilinitoka mifupi. Mpaka leo huwa nafikiria huyo Mmasai yuko kwa kabati gani huko Ulaya, akijiuliza ni nani aliyemkata.

Kabla ya kuondoka alijaribu kunielekeza. Silinda mbili zimetoka nje huku na huku, kama viwiko vya mtu aliyeshika kiuno, na kila silinda iko na kabureta yake. Alisema maneno marefu juu ya kuzilinganisha. Alisimama upande wangu wa kushoto akieleza, akieleza, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu msomi.

Sikusikia kitu.

Wiki ya kwanza niliamua kabureta mbili ni anasa. Mtu mmoja, matumbo mawili ya nini? Nikaifunga moja kwa kitambaa nikitegemea petroli itadumu mara mbili. Nilifika kilima cha kwanza tu. Nikarudi nikiisukuma, na msichana mmoja aliyekuwa akitoka mtoni na kiondo akaniuliza kama hiyo ni pikipiki au ni mgonjwa. Nikasema ni mgonjwa. Akaweka kiondo juu ya kiti, akasukuma na mimi. Nilimwambia aje upande wa kulia. Huyo ndiye anayepigana na mkebe jikoni. Tangu siku ile hajatembea na mimi upande mwingine, na wewe ulipokuwa mdogo uliniuliza kama hiyo ni heshima ya Wakamba. Nikakuambia ndiyo.

Basi nilipojua kabureta zote mbili ni za lazima, nikaanza kuzilinganisha kwa masikio. Niliketi juu, injini ikinguruma, nikasikiliza. Kulia, sauti nzuri, nene. Kushoto, kimya kama nyumba ya mtu aliyeenda shamba. Nikasema hii ya kushoto ni mvivu, nikaifungulia. Nikasikiliza tena. Bado mvivu. Nikaifungulia tena. Mpaka kushoto kukawa kunapiga kelele za kuamsha Yatta nzima, ndipo mimi nikaona sasa ziko sawa.

Wewe ulibebwa juu ya pikipiki hiyo, huhitaji kuelezwa. Mikono ilikufa ganzi. Katika kioo, lori moja lililo nyuma lilionekana malori matatu yanayogombana. Nilipombeba mchungaji kwenda mazishi, alishuka, akashika mti, akaomba sala fupi ambayo kanisa halijawahi kuisikia kutoka kwake. Watu walinishukuru kwa ufupi huo. Mtu akilalamika nilimwambia hivyo ndivyo mashine za Ulaya zilivyo, zinakanda figo, na kwamba huko kwao watu wanalipia.

Kisha ukamaliza uuguzi, ukapata kazi Taveta, na ukatangaza hapo mezani kwamba utaenda na pikipiki. Sina wa kulaumu, ni mimi niliyekufundisha kuiendesha. Mama yako hakusema hapana. Alisema ikiwa inatetemeka hivi haitatoka langoni na mtoto wake juu yake, kwa sababu kutoka hapa mpaka Voi ni mbali, na kutoka Voi mpaka Taveta ni vumbi na ndovu. Ikitulia, uende.

Mimi nikaendelea na chai yangu. Ulidhani ninakuunga mkono. Nilikuwa nafurahi, mwaitu. Nilijua haitatulia. Miaka yote hiyo haijatulia. Nikaanza kukutajia ile zahanati yetu hapa, jinsi inavyohitaji muuguzi, jinsi dirisha lake linavyotazama barabara. Nililisifu lile dirisha mpaka mama yako akaniuliza kama ninataka kulioa.

Sasa Jumamosi. Nataka kuiandika vizuri kwa sababu wewe ulikuwa umeinama kwenye injini na hukuona uso wangu.

Ulichukua ubao wangu wa jakaranda, ule niliokuwa nimeuweka wa kuchonga sinia, hukuomba. Ukapigilia misumari, ukaupitisha mpira mpya wa dripu ukishuka na kupanda, ukatia oili ikakaa chini katikati. Ncha moja ukaichomeka kwenye kabureta ya kushoto, nyingine ya kulia, katika vitundu ambavyo miaka yote nilidhani ni mapambo. Ukasema kabureta zikivuta sawa, oili itasimama usawa mmoja pande zote. Akina mama wa kanisa walikuwa wameketi kwenye viti vyetu vyote wakisubiri kukuombea safari. Ukawasha.

Oili ikakimbilia kulia.

Mimi nilisimama nikawageukia akina mama. Nikawaambia mmeona? Kulia ndiko kuna nguvu, kushoto ni mvivu, nimesema hivyo tangu kabla ya hawa watoto kwenda shule. Wewe ulijaribu kunieleza. Ulibana mdomo ukavuta hewa mpaka mashavu yakaingia ndani, ukasema kabureta iliyobanwa ndiyo inayonyonya oili kwa nguvu, ile iliyo wazi haina haja ya kunyonya. Lakini ulikuwa upande wa kushoto. Niliona tu mashavu. Nikafikiri unanichezea. Nikachukua bisibisi, na mbele ya kanisa zima nikaifungulia ile ya kushoto mzunguko mzima.

Oili yote ikapanda kulia ikaingia kwenye injini kama maziwa kwenye koo la ndama. Halafu moshi. Moshi mweupe, mzito, wa kufunika nyumba. Kuku walikimbia, mmoja hajarudi. Akina mama walikohoa wakiita jina la Bwana, na safari hii hawakuwa wanaomba, walikuwa wanauliza. Ukazima injini. Moshi ulipoanza kupungua nikakuona umesimama mbele yangu na mikono ya oili, na nikajitayarisha kusikia "Baba".

Hukusema Baba.

"Muthiani," ukasema. Jina langu, kavu, hivyo tu, kama alivyoliita mama yangu. "Njoo karibu."

Nikaja. Watu wote wako pale, mimi na mvi zangu, nikaja.

"Hilo sikio la kushoto lilikufa lini?"

"Halijafa," nikasema. "Limelala."

"Limelala tangu lini?"

"Tangu wewe ukiwa hai."

Hakuna aliyecheka. Nafikiri hata mimi nilichelewa kujua nimesema nini. Nilikuwa nimemjibu yeye, mama yangu, aliye kaburini pale nyuma ya minazi isiyozaa ya jirani. Maana ni yeye aliyenilaza kichwa mapajani nikiwa mtoto, sikio likitoa usaha, akanitilia mafuta ya mbarika ya uvuguvugu tone kwa tone. Sikio lilipopona maumivu likabaki bila sauti. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote, wataniita kiziwi, sitapata mke. Alikuwa ananilinda. Mimi nikatii kuliko nilivyowahi kutii kitu chochote, na unanijua mimi na kutii.

"Mama aliniambia nisiseme," nikakuambia.

Ukapangusa mikono kwa leso yako. Ukasema, "Sasa mama amekuambia useme."

Mwaitu, mtu mwingine yeyote angesema hivyo ningemfukuza na bisibisi. Daktari angesema, ningemwambia akapime masikio ya punda. Mama yako alijua na miaka yote akatembea tu upande wa kulia, hakusema, kwa sababu yeye ni mke na lile neno halikuwa lake. Ni wewe tu uliyekuwa na ruhusa ya kuniondolea amri ile. Sijui kama ulilifikiria au lilikutoka tu. Usiniambie.

Nikawageukia akina mama nikawaambia sikio hili halisikii, na halijasikia tangu utoto wangu. Nikangoja dunia ianguke. Mama Syombua, jirani yetu, akasema kumbe ndiyo sababu akinisalimu kutoka upande ule simjibu, na yeye miaka yote amewaambia watu nina majivuno. Nikamwambia majivuno ninayo pia, yale ni mengine. Basi. Wakanywa chai. Hiyo ndiyo hatari niliyoikimbia maisha yangu yote: mama mmoja kupaka siagi mkate na kusema kumbe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria kitu kimoja cha karakana. Sisi wachongaji wa Wamunyu tuko na dawa ya makosa. Ukichonga twiga, ukikata sikio moja likatoka fupi, huwezi kurudisha mti. Unafanya nini? Unalikata na lile zuri, lifupike, yalingane. Mnunuzi hajui. Ukikosea tena unakata tena. Nimeuza twiga wenye masikio kama ya paka, na watu wakasema ni mtindo wetu.

Hivyo ndivyo nilivyojichonga mwenyewe. Sikio moja lilipokufa, nilikata upande uliokuwa mzima ili ulingane nalo. Niliacha kuimba kanisani nisije nikaimba kivyangu. Niliacha kwenda barazani kwa sababu watu wanaongea kutoka pande zote. Kazi ya kupeleka sanamu Mombasa nilipewa nikaikataa, nikasema sipendi samaki. Kila kitu nikakipunguza kidogo, kidogo, na nikakipa sababu ya kuchekesha ili kisionekane. Na ile zahanati na dirisha lake, mwaitu, hiyo ilikuwa ni wewe. Nilikuwa nimeshika msasa tayari, nataka kukupunguza unitoshe.

Sihubiri. Mimi nikihubiri mvua inakatika. Nakuambia tu jinsi mkono wangu ulivyozoea, ili siku ukiona wako unaanza kufanya hivyo uutambue. Huko Taveta kutakuwa na siku utakosea mbele ya watu, au utafika mahali hujui lugha ya mgonjwa, na utataka kuwa mdogo kidogo ili isionekane. Acha ionekane. Ule upande mzima uache na urefu wake.

Nikuambie na ya leo, halafu nimalize, kwa sababu mkebe umefungwa na mama yako ataanza kuja kuona ninaandika nini.

Ulipoondoka kwenda Katangi nilitoa ubao wako. Vali tulizipima asubuhi injini ikiwa baridi, kwa hiyo zilikuwa sawa. Nikaiendesha mpaka kwenye daraja na kurudi ipate moto, kwa sababu ulisema injini baridi inadanganya. Nikalegeza waya zote mbili za mafuta, nikachomeka mpira. Oili kulia. Sikusikiliza kitu, mwaitu. Niliangalia tu. Nikaibana ile ya kushoto polepole, na oili ikashuka, ikashuka, kama mtu anayekaa kitini baada ya kusimama siku nzima, mpaka ikawa usawa mmoja. Halafu nikakaza waya, nikavuta mafuta kidogo kuona kama zinaamka pamoja. Zikaamka pamoja.

Sijawahi kuishika hivyo. Usukani ulikuwa umetulia mkononi. Nilichukua kikombe cha chai nikakiweka juu ya tangi la petroli na injini ikinguruma, na chai ikatetemeka kidogo tu katikati, duara dogo, haikumwagika. Nilipoinua macho mama yako alikuwa mlangoni. Alikitazama kikombe, akarudi ndani, na ndipo nikaanza kusikia mkebe. Yaani sharti lake limetimia.

Alipoingia ndani, bisibisi ilikuwa bado kwenye skrubu. Nikawaza: robo tu. Robo ya mzunguko upande wa kushoto, na kesho ingetetemeka kidogo hapo langoni, na mama yako angesema hapana, na nani angejua? Chai ikapoa juu ya tangi. Halafu nikakumbuka wale twiga. Nikatoa bisibisi, nikaifuta, nikaiweka kwenye begi lako la vifaa. Ni ile fupi, yenye mpini niliochonga mwenyewe. Ubao pia nimeufungia gunia. Sinia itachongwa kwa mti mwingine.

Kwa hiyo pikipiki iko sawa, na ni mimi niliyeilinganisha, na sasa nina haki ya kujisifu kidogo mbele ya yeyote utakayemkuta njiani.

Sasa naomba kitu kidogo, tena si cha bure, unadaiwa. Unakumbuka nikikufundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, umeanguka, goti linatoka damu, hutaki kulia? Ulisema, "Nikijua, nitakubeba wewe." Umejua kitambo. Kila ukiniambia nipande nyuma nimesema, kwa sauti ya kusikika na majirani, kwamba mwanamume wa Wamunyu habebwi na msichana. Lakini nimefikiri tena. Mtoto akibebwa na mama yake, ni nani atacheka?

Nibebe kesho mpaka Kyumvi, pale barabara yetu inapoingia ile ya Mombasa. Nitashika mkebe wa muthokoi mimi. Sitakuambia upunguze mwendo, na sitakuonyesha mashimo. Masikio yangu hayawezi kutoa ushahidi, lakini makalio yangu yameijua pikipiki hiyo miaka mingi na hayajawahi kudanganya mtu. Nataka yaonje safari moja iliyotulia. Pale njia panda nitashuka bila maneno mengi, na ukishaondoka nitageuza sikio langu zuri upande wa Voi, nisikilize mpaka sauti iishe. Gari la kurudi nitajitafutia.

Helmeti ya pili ni ile chini ya kiti changu. Usiiache.

Nibebe, mwaitu.

Baba yako, na mtoto wako,
Muthiani